Tamko kwa Umma: Beda Amuli, Soko la Kariakoo na Ramani Zinazopotea Nyamagana






Sisi wabunifu majengo, wakadiriaji majenzi, wachora ramani, walimu wa ufundi na mafundi ujenzi tunaofanya kazi Nyamagana, jijini Mwanza, tumekaa kikao, tumejadiliana, mara nyingine kwa sauti za juu, na tumekubaliana kutoa tamko hili. Linamhusu marehemu Beda Jonathan Amuli (1938–2016), mbunifu aliyechora Soko Kuu la Kariakoo. Linahusu vilevile makabati na stoo za mji wetu, ambamo ramani za majengo ya umma zinaliwa na mchwa wakati majengo yenyewe yanaendelea kuvunjwa.

Mambo hayo mawili tumeyaweka pamoja kwa makusudi. Mbunifu majengo akishaondoka duniani huendelea kufundisha kwa jengo lililosimama, na kwa ramani inayoonyesha alivyofikiri kabla jengo halijasimama. Jengo likivunjwa na ramani ikapotea, somo limekatika, hata kama jina lake litaendelea kusomwa kwenye hotuba.

Amuli alikuwa miongoni mwa vijana wa mwanzo kabisa wa Tanganyika waliokwenda kusomea kazi hii. Nchi haikuwa na chuo cha kuifundisha. Afrika Mashariki nzima ilikuwa na shule moja ya ubunifu majengo, iliyoanzishwa Nairobi katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, na Mwafrika aliyeingia pale alikuwa wa kuhesabika. Yeye alikwenda Haifa, Israel, katika chuo cha Technion, akahitimu katikati ya miaka ya 1960. Hiyo ilikuwa miaka ambayo Israel ilikuwa na wahandisi na wabunifu wake wengi katika nchi changa za Afrika. Tanzania ilivunja uhusiano nayo baadaye, mwaka 1973. Aliporudi alifanya kazi na Zevet, kampuni ya wabunifu wa Kiisraeli iliyokuwa na ofisi Dar es Salaam, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaichukua ofisi ile ikawa yake. Ndiyo sababu anatajwa kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuwa na ofisi yake ya ubunifu majengo.

Sifa hiyo ya kuwa wa kwanza tunaiheshimu. Lakini tumeona pia inavyofanya kazi katika nchi yetu: mtu akishaitwa wa kwanza, watu hupiga makofi, kisha hakuna anayeuliza alichora nini. Katika kikao chetu wapo waliotaka kichwa cha tamko hili kimwite baba wa ubunifu majengo Tanzania. Hoja ilipigiwa kura ikaanguka, na ilistahili kuanguka. Amuli hakuwa peke yake. Anthony Almeida, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1921 katika familia yenye asili ya Goa, akasomea Bombay katika Sir J.J. School of Art, alikuwa amekwisha kufungua ofisi na kujenga shule na kumbi katika mtindo wa kisasa katika miaka ya 1950, kabla Amuli hajashika kalamu ya kazi. Kanisa la pamoja la madhehebu ya Kikristo pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni kazi ya Almeida ya miaka ya 1970. Mwanafunzi anayetaka kuona zege likichezewa na mwanga aanzie pale. Wawili hawa walifanya kazi katika mji mmoja, na ni kazi bure kuwashindanisha.

Tunachotaka kusemea ni kazi yenyewe, na tunaanza na soko.

Soko Kuu la Kariakoo lilikamilika mwaka 1974, na mwaka uliofuata, tarehe 8 Desemba 1975, Mwalimu Julius Nyerere akalizindua. Pale palikuwa na soko la chuma tangu enzi za Wajerumani, likavunjwa kupisha hili jipya. Mtu anayelitazama kwa mbali huona kwanza paa: miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake, imepangwa bega kwa bega mpaka ikafunika eneo zima. Chini yake hakuna kuta za kufungia watu. Upepo unapita, na mwanga unaingia kwa pembeni bila jua kumchoma muuzaji wala nyanya zake. Kuna sakafu ya juu, kuna ya chini, na kuna ile ya ardhini ambayo kila Mtanzania aliyewahi kununua kitu kwa jumla anaijua kwa jina la Shimoni, ambako magari ya mizigo yalipangiwa kuingia na kushusha bila kuzuia wanunuzi wa juu.

Fundi anayesoma tamko hili asiridhike na neno mwavuli. Atazame umbo lenyewe. Ukichukua mbao nne zilizonyooka ukazifunga ziwe fremu ya mraba, kisha ukainua pembe moja, halafu ukaanza kutandaza papi kutoka ubao mmoja hadi ule unaoukabili, utaona ajabu: papi zote zimenyooka, hakuna hata moja iliyopinda, lakini uso mzima uliotandazwa umepinda. Zege linalomwagwa juu ya mbao za namna hiyo hupata nguvu kutokana na mkunjo wake. Kwa hiyo linaweza kuwa jembamba, likabeba eneo kubwa, na nondo zake zikawa chache kuliko za slabu bapa ya upana huohuo. Vipande vinne vya aina hiyo vikikutana juu ya nguzo moja, katikati pakiwa chini na kingo zikiwa juu, ndipo unapopata mwavuli uliogeuzwa. Félix Candela alikuwa amekwisha kuezeka hivyo huko Mexico katika miaka ya 1950, yakiwemo masoko, akitumia maseremala wa kawaida na mbao za kawaida. Na hapo ndipo umbo hili lilipoifaa Tanzania ya wakati ule: halikuhitaji mashine ngumu wala chuma kingi cha kuagiza. Lilihitaji maseremala wanaojua kunyoosha uzi, na mchora ramani aliyekokotoa sawasawa. Maseremala tulikuwa nao.

Kisha kuna maji. Mwavuli uliogeuzwa hukusanya mvua badala ya kuitawanya. Maji hutelemka kwenda katikati, yakaingia ndani ya nguzo, yakapelekwa kwenye matangi yaliyochimbwa chini ya soko. Paa, nguzo na tangi vilichorwa kama kitu kimoja. Hili tunalisema kwa mkazo, kwa sababu siku hizi tangi la maji ni plastiki nyeusi inayopandishwa juu ya jengo baada ya mkandarasi kuondoka, na mfereji wa bati hufungwa pale mwenye nyumba anapoona ukuta umeanza kuota ukungu.

Hesabu yake ni rahisi, nasi tumeifanya kwa mvua ya kwetu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mwanza hupata mvua inayokaribia milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita kumi kwa kumi, ambalo ni dogo kwa soko, hupokea basi takriban lita 100,000, yaani ndoo 5,000 za lita ishirini. Hata ukitoa robo kwa yanayopotea, bado ni maji mengi ya kuoshea sakafu ya samaki. Sisi tunayaachia yateremke pamoja na mchanga kutoka Bugando, Isamilo na Mabatini, yajaze mto Mirongo, yamwagikie barabarani, kisha yaishie ziwani yakiwa machafu. Siku ya pili asubuhi mama ntilie ananunua maji ya dumu.

Hatusemi soko la Amuli lilikuwa halina kasoro. Lilichorwa kwa ajili ya mji wa miaka ya 1970 na kwa mpango wa biashara wa serikali ya wakati ule, na Dar es Salaam ilikua kuliko alivyoweza kutabiri mtu yeyote. Miaka ilivyokwenda, vizimba viliongezwa, vibanda vikabanana, bidhaa zikapangwa mahali palipoachwa wazi kwa ajili ya hewa na njia. Wauzaji walifurika nje, wakaijaza mitaa yote ya jirani. Mbunifu aliweka nafasi. Wasimamizi na mahitaji ya watu wakaijaza. Hilo nalo ni somo, na halisomwi darasani kwa sababu walimu wetu hupenda kuonyesha picha za jengo siku lilipozinduliwa, likiwa tupu na safi.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza soko lile. Mali za wafanyabiashara ziliteketea, na hasara yao hatuipunguzi kwa kusifia zege. Lakini asubuhi yake miavuli ilikuwa imesimama, imepakwa masizi. Serikali ikaamua kulikarabati jengo lile na kujenga jipya la ghorofa pembeni yake. Uamuzi wa kutolivunja tunaupongeza hadharani, kwani ilikuwa rahisi kusema limezeeka, limeungua, lete buldoza. Uamuzi huo pia unaonyesha kwa nini ramani zina thamani. Kulikarabati jengo la namna ile bila kujua nondo zilisukwa vipi ndani ya ganda jembamba ni kubahatisha.

Sasa tunarudi nyumbani.

Wenzetu kadhaa waliuliza kikaoni kwa nini Mwanza ijishughulishe na mtu aliyejulikana kwa soko la Dar es Salaam. Tuliwajibu hivi. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza 1969, uliutaja mji huu miongoni mwa miji tisa iliyopaswa kukua ili Dar es Salaam isilemewe. Mwanza ilijengwa kwa zege lile lile, kwa mawazo yale yale, na katika miaka ile ile. Hospitali ya Bugando ilijengwa kati ya 1968 na 1971, na Mwalimu akaifungua tarehe 3 Novemba 1971. Ikataifishwa mwaka uliofuata, na mwaka 1985 ikarudishwa chini ya Kanisa Katoliki kwa makubaliano na Serikali. Hadi leo asiyejua kusoma ramani ya mji hujua aliko kwa kuitazama Bugando juu ya kilima. Teremka mjini uone majengo ya ghorofa mbili tatu ya wafanyabiashara, yenye baraza, vibambaza vya matofali ya matundu, na mabanzi ya zege yaliyotokezwa juu ya madirisha kuzuia jua. Mengi ya hayo yamepakwa rangi za kampuni za simu, mengine yamezibwa matundu yake kwa plasta, na kila mwaka kuna moja linalozungushiwa mabati ya buluu. Likizungushiwa mabati, tunajua.

Wale waliochora majengo hayo walielewa kitu ambacho ofisi nyingi za leo, zikiwemo za wanachama wetu, hazikipi uzito. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta. Jua linapita karibu utosini mwaka mzima, kwa hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini hukingwa kirahisi kwa banzi fupi la zege. Adui ni ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi alasiri, kwa sababu jua la wakati huo huja likiwa chini na hakuna banzi linalolizuia. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Anayejua haya hulaza jengo lake lielekee sawa na kufungua matundu yake panapopita upepo. Asiyejua, au anayejua lakini tajiri wake amemwonyesha picha ya Dubai kwenye simu, huuvika uso wa magharibi vioo kutoka chini mpaka juu, kisha huweka viyoyozi kila chumba. Umeme ukikatika saa tisa alasiri, wafanyakazi hutoka nje kusimama chini ya mwembe.

Masoko yetu yanatuhusu zaidi. Soko Kuu la Mwanza lilivunjwa na kujengwa upya kwa ghorofa, na wafanyabiashara wake walihamishiwa kwa muda kwingine. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa Makoroboi na katika barabara nyingine za katikati ya mji. Sisi si wanasiasa, na tamko hili halihukumu maamuzi hayo. Tunasema la kitaalamu tu: soko ni jengo gumu kuliko benki. Benki ina mlango mmoja na mlinzi. Soko linahitaji gari la viazi lifike, maji ya samaki yatoke, mama mwenye mtoto mgongoni apite na beseni, na mpita njia ambaye hakuwa na nia ya kununua avutwe aingie. Sakafu ya chini ya Kariakoo ilifunguliwa pande zote kwa sababu hiyo. Muuza nguo hatapanda ghorofa ya tatu ambako mteja hapandi, hata ungemjengea meza ya marumaru. Atashuka, atatandika turubai kando ya barabara, mgambo atakuja, na tutasema wamachinga ni wabishi. Wanachokataa ni ngazi.

Kuhusu ualimu tunataka kueleweka vizuri. Amuli wengi wanamkumbuka kama mjenzi. Sisi tunamhesabu kuwa mwalimu pia, na sababu yetu iko katika historia ya kazi yenyewe. Chuo cha Ardhi kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1972. Mwaka 1996 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2007 kikawa Chuo Kikuu Ardhi. Hata baada ya kuanza kufundishia nyumbani, darasa lilikuwa nusu ya safari. Nusu nyingine ilikuwa meza ya kuchorea katika ofisi ya mtu aliyekutangulia. Kijana hupewa ngazi aichore, ikarudishwa na alama ya wino mwekundu, akaichora tena, ikarudishwa, mpaka siku anapogundua mwenyewe kwamba kichwa cha mtu mrefu kitagonga boriti kwenye mpindo. Hakuna kitabu kinachofundisha hilo. Sheria ya mwaka 1997 iliyounda bodi ya usajili wa taaluma zetu, na ile ya 2010 iliyochukua nafasi yake, zote zimelikubali jambo hili: mhitimu hasajiliwi mpaka afanye kazi kwanza chini ya wenye uzoefu. Lakini ofisi ya aina hiyo inahitaji mwenye nayo. Kabla ya Amuli, kijana wa Kiafrika aliyetaka kukaa kwenye meza hiyo kwa kawaida alikaa chini ya mgeni, kwa lugha ya mgeni, na mgeni alipofunga ofisi aliondoka na michoro yake. Amuli alivunja mnyororo huo kwa kufanya jambo lisilo na shamrashamra yoyote: alilipa pango, akaajiri watu, akabaki.

Michoro ndiyo inayotutia uchungu zaidi. Tutatoa mfano mmoja bila kutaja jengo wala mwenye jengo. Jengo la ghorofa la katikati ya mji, la enzi za mwanzo wa Uhuru, lilitakiwa kuongezewa lifti. Ramani ziliulizwa kila mahali zilipoweza kuulizwa, hazikupatikana. Ikabidi mafundi wachokonoe zege kwa tindo, hapa shimo, pale shimo, kutafuta nondo zinapopita, na kila shimo likidhoofisha kitu walichotaka kukipima. Mhandisi akakadiria kwa hofu, kwa hiyo akaweka chuma mara mbili ya kilichohitajika. Mwenye jengo akalipia hofu hiyo. Bomba moja la karatasi lenye ramani sita lingemwokolea gharama yote.

Nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, lakini iliandikwa kwa kuangalia magofu, makaburi na vitu vya kale. Jengo la zege la 1965 halikuwa la kale wakati sheria inaandikwa, na macho ya wengi bado hayalioni hivyo. Tuna vilevile Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002. Sheria hiyo inatutosha kuanzia. Ramani ya jengo la umma ni nyaraka ya umma, haina tofauti na muhtasari wa baraza la madiwani.

Kwa hiyo tunatamka yafuatayo.

Tunaiomba Halmashauri ya Jiji la Mwanza ikusanye mahali pamoja ramani zote ilizonazo za majengo ya umma yaliyojengwa kabla ya mwaka 1985, yaani shule, zahanati, masoko, maghala ya pamba, ofisi na nyumba za watumishi. Zipigwe picha kwa kompyuta, na nakala zipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Hatuombi bajeti mpya kwa hatua ya kwanza. Wanachama wetu watajitolea kuzipanga na kuziorodhesha, tukipewa chumba kikavu na ufunguo.

Tunaomba kibali cha kuvunja jengo lolote la ghorofa la umri huo kisitolewe kabla ya jengo kupimwa, kuchorwa na kupigwa picha. Kazi hiyo wanafunzi wa vyuo vya ufundi wanaweza kuifanya wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, wakisimamiwa na walimu wao. Haitachelewesha mradi hata mwezi. Tunatambua kwamba majengo mengine yatavunjwa tu, na mengine yanastahili. Hatutetei kila ukuta uliozeeka. Tunataka kujua tulivunja nini.

Tunawataka wabunifu watakaopewa kazi ya soko lolote Nyamagana, wawe wanachama wetu au wageni, wakae sokoni kabla ya kukaa mezani. Waende saa kumi alfajiri magari yakishusha, warudi saa nane mchana jua likiwa kali, warudi tena siku ya mvua. Ramani yoyote ya soko inayofikishwa kwenye Halmashauri ionyeshe maji ya paa yanakwenda wapi na yanahifadhiwa katika tangi la ukubwa gani. Kama mbunifu wa mwaka 1974 aliweza kulijibu swali hilo kwa rula na penseli, wa leo mwenye kompyuta hana pa kujifichia.

Walimu wa ufundi tuliomo katika umoja huu tumeahidi la kwetu. Kila darasa la uchoraji litachora kwa mkono mwavuli mmoja wa Kariakoo, kwa vipimo, pamoja na bomba lake la maji, kisha litatengeneza mfano wake kwa vijiti na uzi. Mwanafunzi akishaona papi zilizonyooka zikizaa uso uliopinda, tutakuwa tumemtambulisha kwa Amuli vizuri kuliko kwa picha yake ukutani. Darasa hilohilo litachora pia jengo moja la Mwanza wanalolipita kila siku, walichague wenyewe.

Hatuombi mtaa upewe jina lake wala sanamu isimamishwe. Fedha ya sanamu inatosha kununua makabati ya chuma ya kuhifadhia ramani, na tungependelea makabati.

Mwisho, tunazungumza na familia. Wapo hapa Nyamagana wazee waliokuwa wachora ramani wa idara za ujenzi, wa vyama vya ushirika na wa kampuni binafsi. Wengine wametangulia mbele ya haki. Juu ya makabati yao na chini ya vitanda vyao kuna mabomba ya karatasi. Tafadhali msiyachome wakati wa kusafisha nyumba baada ya arobaini, na msiwauzie wafunga maandazi. Yasikunjwe, yaachwe yamevingirishwa. Yasiwekwe juu ya dari ya bati, kwa sababu joto huifanya karatasi ikatike kama jani kavu. Zile chapa za buluu zisianikwe juani hata kama zimepata unyevu, maana mwanga hufuta mistari; zikaushwe kivulini. Karatasi nyepesi inayopenya mwanga ndiyo ya asili, na ndiyo yenye thamani kuliko zote, hata ikiwa imechanika. Mleteeni mwanachama wetu yeyote, au mwalimu wa uchoraji wa chuo kilicho karibu nanyi. Atazipiga picha mbele yenu na kuwarudishia zenu siku hiyohiyo, mkitaka zibaki nyumbani.

Limetolewa Nyamagana, Mwanza, kwa niaba ya wanachama wote.

Mwenyekiti
Katibu